Kanzu ya Hiza wa Mazingara

Hiza alikuwa mpishi wa Mjerumani mmoja pale Korogwe, bwana aliyechuma majani na kuyakausha kwenye karatasi kana kwamba kwao mboga zimeadimika. Bwana huyo alipohamishiwa Togo, upande wa pili wa Afrika, akaondoka na mpishi wake. Hiza alimuaga mkewe Mwaija huko Mazingara, akamwahidi kurudi na habari za kumkeshesha.

Togo akatembezwa kama mgeni wa heshima, sufuria kichwani. Lome aliona gati la chuma lililoingia baharini, na abiria wakishushwa melini ndani ya kikapu kama kuku wa mnada. Kaskazini akaona nyumba za udongo zenye minara, ng'ombe chini, watu juu. Kila alichokiona alimwekea Mwaija, aje kumsimulia.

Sokoni akamnunulia kitambaa cha buluu kilichofumwa vipande vipande. Simeo, Mshambaa wa Mpale aliyekuwa mtumishi mwenzake, alikuwa anarudi nyumbani, basi akampa yeye. Kwa kuogopa wezi, Hiza alikiviringisha ndani ya kanzu yake kuukuu.

Aliwaza wezi, akasahau kwao. Kwao, mtu akifia safarini, wenzake huleta nguo zake. Simeo alishuka Korogwe akiwa hoi kwa homa, mzigo akawapa wapagazi wa kwenda Handeni. Aliyeufikisha Mazingara hakujua lolote. Mama yake Hiza aliona kanzu, akapiga yowe. Kwa yowe lile nani angeuliza maswali? Wakaizika kanzu vilevile ilivyofungwa, kitambaa ndani. Mwaija akakaa eda, ikaisha, akarithiwa na Rehani, mdogo wake Hiza.

Hiza aliporudi, waliokuwa uani walikimbia, wengine wakaacha viatu. Mama yake alikuwa amekwishafariki. Baba yake mdogo, mzee Semboja, akabaki na fimbo mkononi.

"Kama ni wewe, sema ulikuwa wapi."

"Shikamoo, baba. Nilikuwa Togo." Akamweleza gati, kikapu, nyumba za minara.

"Nyumba ya udongo, ng'ombe chini, watu juu, na haianguki?" Semboja akawageukia wenzake. "Huyu ni mzimu, tena mzimu mwongo!"

Watu wakacheka, na Hiza naye. Ndipo Mwaija akatoka ndani, mtoto mgongoni. Akamsogelea, akamnusa begani.

"Ndiye. Mzimu haunuki vitunguu."

Kicheko kikakatika.

"Mwaija," Hiza akasema, "twende. Mtoto nitamlea."

"Nilikulilia mpaka machozi yakaisha. Nilipokataa kula, Rehani ndiye aliyeninywesha uji. Leo nimwambie nini?"

Rehani alikuwa kando, anatazama chini. Mwaija akaingia ndani, akarudi na kata ya maji, akapiga goti.

"Karibu maji, shemeji."

Hiza aliipokea kata, akakaa nayo. Wote walikuwa wakimtazama mdomo.

"Ahsante, shemeji," akasema, akanywa.

Chakula hakukingoja. Alirudi Korogwe, akawapikia Wajerumani wengine hadi vita vyao na Waingereza. Jioni wapagazi walimzunguka jikoni, wakimbembeleza: "Mzee Hiza, tupe basi, huko Togo kuna nini cha kuona?"

"Hakuna kitu," aliwajibu, akaendelea kumenya vitunguu.