Ekseli ya Mwinyimvua na Ulimi wa Mtani

Katika nyumba ya Mwinyimvua, kule Ilala, hapakuwa na kigoda kilichobaki na miguu yake ya kuzaliwa. Chochote alichokikuta chembamba alikiacha kinene. Kitanda alikitia chuma ubavuni, mbuzi ya kukunia nazi aliifunga bati mgongoni, na karai la mkewe alilitia mikono mizito hata likawa haliinuki bila watu wawili. Mkewe, Mboni, mwuza maandazi, alikuwa akisema kwamba mume wake akipewa unyoya atauongezea nondo.

Asubuhi alikuwa fundi wa magari katika karakana moja karibu na stesheni. Kazi ikiisha mchana, wenzake walikwenda kwenye bao na kahawa. Yeye alirudi uani kwake, akavua shati, akaanza ile aliyoiita kazi yenyewe.

Mwaka ule wa sabini na nne, kazi yenyewe ilikuwa Landrova. Haikuwa yake. Ilikuwa mali ya Mtondoo, kijiji cha ujamaa huko milimani nyuma ya Kisarawe, alikozaliwa. Shamba la mkonge lililotaifishwa liliwaachia wanakijiji mzoga wa gari hilo, nao wakaupokea kama mtu anavyopokea ng'ombe mgonjwa: amekonda, lakini ni wetu. Injini ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye ekseli. Kila Landrova ilipobeba mzigo na kukutana na kilima cha Ngobedi wakati wa tope, shafti moja ndani ya ekseli ilikatika kama muwa, na gari likalala palepale mpaka jua lirudi, kuku wakitaga kwenye viti.

Na safari hii mzigo ulikuwapo. Wanawake wa Mtondoo walikuwa wamelima korosho shamba la pamoja, wakauza, wakanunua mashine ya kusaga. Watu huzungumza juu ya ukombozi kwenye majukwaa hadi koo zinakauka. Wanawake hawa walikuwa wameununua, umefungwa ndani ya sanduku la mbao, nao umelala katika ghala moja la Kariakoo kwa sababu hakuna gari la kuupandisha kilima. Madereva wa malori ya kukodi wakisikia jina la Ngobedi walikumbuka ghafla kwamba wana msiba.

Mtunza ghala, Bwana Anaeli, Mmachame mwenye sauti ya upole, alikuwa amekwisha kutoa neno lake la mwisho. Kijiji kingine, chenye gari, kinaitaka mashine ileile. Jumamosi saa sita ghala likifungwa bila Mtondoo kuichukua, itakwenda kwao, na Mtondoo wangoje shehena nyingine. Katika miaka ile ya uhaba, shehena nyingine ilikuwa hadithi ya kulalia watoto.

Kwa hiyo dada yake Mwinyimvua, Zamzam, mwenyekiti wa wanawake wa kijiji, alishuka mjini, akatandika mkeka uani, akakaa. Hakumhimiza mtu. Alikaa tu na viganja vyake vimetazama juu, vimeota sugu za mchi, ili ndugu yake asisahau.

Mwinyimvua aliapa kwamba Landrova hiyo haitakatika tena. Mtaa wa Gerezani, kwenye malundo ya chuma chakavu, alipata ekseli mbili za lori dogo la zamani, nene kama mapaja ya ng'ombe. Alizileta kwa mkokoteni, akapita kando ya soko jipya la Kariakoo, ambalo lilikuwa bado linajengwa na zege lake likichanua angani kama uyoga. Wabeba matofali walimwuliza anajenga nini. "Kilima," akawajibu.

Ekseli ya mbele ilikwenda vizuri. Melkiori, fundi wa kuchomelea kutoka Gerezani, alikuja na mitungi yake ya gesi, akavichomelea vikalio vya springi, ikafungwa. Ya nyuma ndiyo iliyokuwa na inda. Vikalio vyake vilikuwa upande usiotakiwa. Kuvikata na kuvichomelea upya kungekula siku nzima, na siku zilikuwa zikiisha. Mwinyimvua akaizunguka ile ekseli, akaitazama, kisha wazo likamjia, zuri mno kama mawazo mabaya yanavyokuwa: akaipindua. Chini ikawa juu. Vikalio vikakaa panapotakiwa, kana kwamba viliumbwa kwa ajili hiyo. Akakaza nati zote, akajipangusa grisi, akaagiza chai.

Alhamisi jioni Melkiori akaja na mitungi yake, akakuta kazi imekwisha.

Sasa, Melkiori alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na Mwinyimvua Mzaramo. Watu wa namna hiyo hawasalimiani, hutukanana, na yule ambaye hakutukanwa huenda nyumbani akiwa na wasiwasi.

"Hii nani kafunga?" Melkiori aliuliza, amechuchumaa, shingo chini ya gari.

"Mtu mwenye akili."

Melkiori alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika tairi asianguke. "Mtani, umeifunga kichwa chini, miguu juu. Gari hili litakupeleka kwa mama yako kinyumenyume."

"Sema tu njaa inakuuma. Umesukuma mitungi kutoka Gerezani, umekuta hakuna kazi."

"Nakwambia kweli. Difu inayozungusha magurudumu imegeuka. Tazama nati ya kumwagia oili ilipo."

"Lini Mnyamwezi kasema kweli? Siku alipoapa kwamba mzigo ni mwepesi?"

"Mwache, kaka," Zamzam alisema kutoka mkekani. "Mnyamwezi akiona mzigo umebebwa na mwingine, bega linamwasha."

Kwa nukta moja jicho la Mwinyimvua lilielekea kwenye ile nati. Lakini kutazama kungekuwa kukubali, na Melkiori alikuwa hajamaliza kucheka. Mtu hamtazamii mtani wake nati.

"Haya," Melkiori alisema, akigeuza mkokoteni wake. "Mimi nipo Gerezani. Mkinihitaji njooni, ila msije mikono mitupu. Njooni na jogoo."

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, nusu ya mtaa ilijaa uani kushuhudia. Jeki zikatolewa. Landrova ikasimama juu ya miguu yake mipya, imeinuka kama bibi harusi juu ya kinu. Mwinyimvua akapanda, akawasha, akatia gia ya kwanza, akautazama mlango wa ua uliofunguliwa mbele yake, akaachia klachi.

Landrova ikarudi nyuma. Ikarudi kwa nguvu zote alizoiongezea, ikapita kwenye kamba ya nguo, ikaingia kwenye bafu la makuti, ikatokea upande wa pili imevaa kanga ya mpangaji.

Watu walisogea pembeni kwa heshima.

"Baba Sofia," Mboni alisema, "mlango wa kutokea uko huku."

Mwinyimvua akajaribu gia ya pili. Ikarudi nyuma kwa haraka zaidi, akashika breki hatua chache kabla ya ukuta wa jirani. Akavuta wenzo wa kuunganisha magurudumu ya mbele, ili yote manne yafanye kazi pamoja. Hapo ndipo palipokuwa na kioja: mbele ikataka kwenda mbele, nyuma ikataka kwenda nyuma. Gari likanguruma, likatetemeka, likafuka moshi, lisisogee hata unene wa kidole. Mikutano ya namna hiyo tumeiona, na baadhi yake ilikuwa na wenyeviti. Mwisho akaurudisha wenzo, akatia gia ya kurudi nyuma. Landrova ikaenda mbele taratibu, kwa adabu, kama kondoo.

Uani pakalipuka kicheko. Mzee mmoja wa jirani akashauri waende hivyohivyo, kwani kurudi ni kwenda pia. Mwinyimvua hakucheka. Alikuwa akimtazama dada yake. Zamzam alikuwa amefumba viganja.

"Ghala linafungwa kesho," alisema.

"Najua, dada."

"Yule alisema kweli."

"Najua."

Basi mtu huyu, ambaye alikuwa hajawahi kumwomba Mnyamwezi hata moto wa sigara, alimkamata jogoo wa mkewe, akamtia kwapani, akatembea mpaka Gerezani. Njia nzima alitayarisha majibu ya matusi atakayotukanwa. Alikuwa na jibu la kila kitu.

Melkiori alimwona, akamwona na jogoo, asicheke. Ndipo Mwinyimvua alipoogopa kwelikweli.

"Saa ngapi linafungwa?" Melkiori aliuliza.

"Saa sita."

"Nitakuja kukipambazuka. Waambie wapangaji wako wasiende popote, kile chuma hakishikwi na watu wawili." Akampokea jogoo, akampima uzito kwa mkono. "Lakini nilikwambia."

"Uliniambia ukicheka."

"Ningekwambia nimenuna, ungeniamini?"

Mwinyimvua alifikiri. "Ningekuuliza nani kafa."

Hapo wote wawili wakacheka, na mambo yakarudi mahali pake.

Jumamosi hapakuwa na mpangaji aliyekwenda kazini kabla ya kuweka mkono. Ekseli ilishushwa na kubebwa na chumba kimoja baada ya kingine: Mngoni wa bandarini, mshona viatu, walimu wawili, na mama mmoja wa Songea aliyekuwa na mabega mapana kuliko walimu wote wawili. Vitabu huandika kwamba umoja ni nguvu, na wasomaji husinzia. Umoja ule ulikuwa na jasho, ulikanyagana vidole, na ulitukana. Melkiori alivaa miwani yake myeusi, akavikata vile vikalio, moto ukiruka, akavichomelea upande wa pili. Mboni alipitisha maandazi katikati ya cheche.

"Mkato wako umepinda," Mwinyimvua alisema.

"Umepinda kuelekea kwenye haki," Melkiori alijibu, bila kuinua kichwa.

Chuma kilikuwa bado kina moto walipokaza nati ya mwisho. Mwinyimvua akatia gia ya kwanza, akafumba macho, akaachia klachi. Alipoyafumbua alikuwa mtaani.

Kutoka Ilala mpaka Kariakoo si mbali, lakini Jumamosi Kariakoo ni mto uliofurika watu. Mikokoteni ya ndizi, magunia ya dagaa, mwanamke na matenga ya nyanya katikati ya njia kana kwamba njia ni sebule yake. Zamzam alitoa kiwiliwili dirishani akawa honi, maana honi ya Landrova ilikufa zamani. "Ndugu wananchi, tupisheni, mashine ya kusaga, tupisheni." Na watu walipisha, hata yule wa nyanya, ambaye aliuliza tu inasaga kwa senti ngapi.

Bwana Anaeli alikuwa mlangoni, kufuli mkononi. Aliitazama saa ya ukutani, akaitazama ya mkononi.

"Ya ukutani inasema mmechelewa," alisema kwa upole. "Lakini ile tuliachiwa na Mwingereza. Ingieni."

Mvua iliwakuta walipoipita Pugu, na walipofika Ngobedi kilima chote kilikuwa kinateleza kama bamia. Melkiori alikuwa amekaa juu ya sanduku. Alisema amekuja kulinda kazi yake isiharibiwe na Wazaramo.

"Shuka upunguze uzito," Zamzam alimwambia.

"Sishuki. Miaka yote ninyi mmepanda mgongoni kwetu. Leo nami nimepanda."

Mwinyimvua akaunganisha magurudumu yote manne. Katikati ya kilima, mahali palepale shafti zilipozoea kukatika, matairi yakaanza kuzunguka bure, gari likaserereka upande wa bonde, masikio ya wote yakingoja ule mlio wa muwa kuvunjika. Mwinyimvua hakukanyaga mafuta zaidi wala kupunguza. Alingoja, mikono imeshika usukani kama mtu anayemshika mgonjwa. Matairi yakauma jiwe. Ekseli ikaguna, ikabeba, na Landrova ikapanda kilima cha Ngobedi ikiwa na mashine, Mnyamwezi na tope lake lote.

Siku mbili baadaye mashine ilifungwa chini ya banda la mabati, Mwinyimvua akaizungusha, mkanda ukashika, na ule mlio ambao wanawake wa Mtondoo walikuwa wameulimia ukaenea kijijini. Zamzam alimimina mahindi ya kwanza. Unga ukatoka, wenye joto, mweupe. Alikinga kiganja chini yake, akauacha umfunike sugu zote.

Debe la kwanza lilipojaa, Melkiori alilichukua bila kuomba, akaliweka begani, akaondoka nalo. Kwa mtani hiyo haiitwi wizi, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumzuia, ingawa wanawake watatu walimkimbiza mpaka nje ya banda wakimpiga kwa kanga, huku wakicheka hata wakashindwa kukimbia.

Zamzam alimwacha aende. Aliweka debe la pili chini ya mdomo wa mashine, akamwita anayefuata.