Isale la Jenerali

Wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, watu wa Arusha tulijifunza kuuza kila kitu. Mimi niliuza vipuri vya magari. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yangu, Lemara, na boliti na beringi nilizifunga kwa magazeti ya zamani, maana magazeti nayo yalikuwa yamefurika: kila baada ya muda linazaliwa jipya, na kila jipya lina siri ya mkubwa fulani. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa namfungia mteja plagi zake, nikaiona picha ya Jenerali kwenye karatasi niliyoshika. Niliigeuza karatasi, nikafunga kwa upande wa pili.

Jina lake sitaliandika. Sababu nitaisema.

Jenerali alikuwa mtu wa kwetu Kilimanjaro, Mlutheri kama sisi, na baada ya kustaafu alijenga Olmotonyi, juu kule kwenye baridi, akafuga ng'ombe wa maziwa. Alikuwa na nishani za kujaza kifua. Alichangia bati la kanisa, akasimamia harusi za watoto wa watu, na sasa alikuwa amechukua fomu ya kugombea ubunge. Lile gazeti lilisema kwamba watu wa ng'ambo ya mpaka wanamtuhumu kwa mauaji ya raia wakati wa vita. Yeye alijibu kwamba hizo ni siasa tu, na karibu kila mtu niliyemjua alimwamini. Mtu akikupa bati, unaona vibaya kumuuliza habari za zamani.

Mchana wa siku hiyo hiyo waliingia dukani watu wawili. Mmoja alikuwa wakili kijana, wa hawa watetezi wa haki za binadamu. Wa pili alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, amevaa sweta, na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani. Alijitambulisha kuwa anaitwa Specioza. Alilitaja jina la baba yangu, akataja sanduku letu la posta, akauliza kama hapa ndipo.

Wasafirishaji wa zamani wataelewa. Ilikuwa lazima kila lori liandikwe mlangoni jina la mwenye mali, sanduku lake na mji wake. Specioza alikuwa mtoto wa shule siku baba yake, mwalimu, alipopandishwa kwenye lori letu. Alisimama kando ya barabara akausoma ule mlango mpaka ukamkaa kichwani.

"Sitafuti kesi na wewe, kaka," aliniambia. "Nataka kujua baba yangu alishushwa wapi. Tu."

Wakili yeye alitaka zaidi. Alisema mashahidi wote alionao waliona lori likiondoka, na hakuna hata mmoja aliyeona lilikofika. Alimhitaji dereva. Niliwaambia warudi Jumatatu.

Sasa niseme nilichokuwa sijakisema.

Vita vilipoanza, nilikuwa naendesha lori la baba, nimetoka Terrat na mzigo wa mahindi. Siku ile tulikuwa tunashusha magunia huku tunataniana na wapagazi kuhusu mpira. Walikuja askari wawili kwa adabu kabisa, wakaniambia lori linahitajika na taifa. Waliandika namba ya gari kwenye daftari. Nikauliza nani ataliendesha, mmoja akacheka.

"Si wewe hapo?"

Nilikwenda na nguo nilizovaa. Kwa miezi nilibeba unga na maharage nyuma ya wapiganaji, nikazoea. Mtu huzoea. Nililala chini ya lori, nikajua kutofautisha mlio wa bunduki zetu na zao, nikaacha kuota. Mkuu wa kikosi nilichokibebea unga alikuwa huyu Jenerali, wakati ule Meja. Alipojua mimi ni mtu wa kwetu, alinisalimia kwa Kichaga kila asubuhi. Nilijivunia salamu ile, Mungu anisamehe.

Mji wa kina Specioza, ng'ambo ya mpaka, ulikuwa mdogo, wenye shule na kanisa. Tulikaa siku mbili. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, askari wetu mmoja alikutwa amekufa nyuma ya shule.

Meja hakupiga kelele. Aliagiza waletwe wanaume kutoka nyumba za jirani.

Wakaletwa kumi na mmoja.

Niliwatazama. Mmoja alikuwa na kidonda mguuni kilichofungwa kitambaa. Mmoja alikuwa mzee. Mmoja alivaa fulana ya kahawia ya sufu, na chaki ilikuwa bado mikononi.

Meja akaniambia niwapakie.

"Afande, hawa si askari," nilisema.

Alinipiga kwa kitako cha bastola, hapa, juu ya sikio la kushoto. Sikuanguka. Kisha akaniambia kwa Kichaga, polepole, niwashe gari.

Nikawasha.

Yule mwalimu alikaa karibu na dirisha la nyuma la kabini, ambalo halikuwa na kioo. Tulipotoka mjini aliinama akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Dereva, tunakwenda wapi?"

"Kituoni," nilimjibu. "Mnaandikishwa tu majina."

Hakuna aliyeniagiza nimwambie hivyo. Nilimwambia mwenyewe.

Alinishukuru.

Tulisimama palipoamriwa. Wakashushwa. Nikaambiwa nisizime injini na nitazame mbele.

Nilitazama mbele.

Sikio la kushoto lilikuwa linavuma. La kulia lilisikia.

Tulirudi lori likiwa tupu. Nilipanda nyuma kufagia, kama nilivyofanya kila baada ya mzigo, nikakuta karanga zilizofungwa kwenye kipande cha daftari la shule. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Nilizila. Nimewahi kumweleza mchungaji kuhusu lile lori, kwa kuzungukazunguka, lakini habari ya karanga sijamwambia mtu hadi leo.

Niliporudi nyumbani sikio lilikuwa limekufa. Mama yangu aliuliza, nikamwambia nilipigwa na afisa mmoja wa kwetu kwa sababu nilimjibu. Akauliza ni nani, nikamtajia. Nikaishia hapo. Nilidhani nusu ya ukweli ni afadhali kuliko uongo.

Nusu hiyo ndiyo iliyonirudia Jumapili, siku moja kabla wakili hajarudi. Nilitoka ibada ya pili nikamkuta Mama sebuleni amekaa wima, kitenge chake kizuri begani, uso umetulia. Mezani kulikuwa na mkungu wa ndizi. Juu ya ndizi kulikuwa na jani la isale, limefungwa fundo.

Asiyekuwa wa kwetu huliona isale kama ua la kupanda mpakani mwa shamba. Kwetu, aliyekukosea akikuletea isale, ameweka kichwa chake chini ya mguu wako. Hulikatai. Ukilipokea, kosa limekwisha, hulitaji tena mbele ya mtu yeyote, wewe wala watoto wako. Nimeona watu waliotaka kuuana kwa ajili ya mpaka wakanyamazishwa na jani hilo moja.

"Ameleta nani, Mama?"

"Dada yake Jenerali. Tunaimba naye kwaya." Alitabasamu. "Amemwombea msamaha kaka yake, mwanangu. Kwa sikio lako. Miaka yote hii, kumbe lilikuwa linamsumbua."

"Umepokea?"

"Nimepokea. Wewe hukuwepo, na mimi ndiye mama yako. Ningelikataaje?"

Nilikaa. Jenerali alijua wakili yuko mjini. Mji wetu hauna siri. Alijua pia ni mlango upi wa kubisha. Hakuja kwangu, kwa sababu mimi ningeuliza msamaha ni wa kosa lipi. Alimpelekea mama, aliyejua habari ya sikio tu.

Basi nikamweleza. Nilimweleza shule, kumi na mmoja, fulana ya kahawia. Sikumweleza karanga. Mama alisikiliza huku akiufuta mkono wa kiti kwa kitenge, pasipokuwa na vumbi.

"Mbona hukuniambia?" alisema mwishowe.

Nilinyoosha mkono nikalichukua lile jani.

"Sasa nimeshapokea, Baba Neema. Isale halirudishwi. Likirudishwa, anaumia mtoto." Alikuwa Mkristo wa ubatizo wa utotoni, na alisema hivyo akimaanisha. Neema, binti yangu, alikuwa uani anafua.

Nilifikiri mchana kutwa. Nilijua vizuri kwamba jani lile halikuwa langu kulipokea, wala la Mama. Wenye haki ya kulipokea walikuwa kumi na mmoja, na hakuna aliyewapelekea hata salamu. Nilijua. Lakini kila nilipojiambia nitasema, nilimwona Mama akimtazama Neema kila anapokohoa, mwaka hadi mwaka, akisubiri. Na pengine nilifurahi kupata kisingizio. Si kila mara mtu mzima anajua ni lipi kati ya mawili.

Jumatatu wakaja. Niliwaambia kwamba lori lilichukuliwa, ndiyo, ila dereva alikuwa mtu mwingine wa jeshini, na mimi nilibaki Arusha.

Wakili alifunga daftari lake. Specioza hakuondoka mara moja. Alikuwa amesimama upande wangu wa kushoto, na nilipogeuza kichwa ili nimsikie, aliliangalia sikio langu, kisha akaniangalia usoni. Nadhani alielewa yote.

"Huyo dereva mwingine," alisema kwa upole, "ukionana naye, mwulize mahali tu. Mengine simwulizi."

Aliniandikia anwani yake kwenye kipande cha karatasi. Nilimwahidi nitauliza.

Jenerali alishinda. Alikaa bungeni, akazeeka, akafa kitandani kwake Olmotonyi, na mizinga ikapigwa kaburini. Nilihudhuria, kwa kuwa watu wangeuliza kama nisingehudhuria. Mama aliacha kwaya wiki ile ile aliyopokea jani. Waliomuuliza aliwaambia sauti imeisha. Tangu siku ile hakulitaja isale wala vita, na tulikula meza moja miaka mingi, mtu na mama yake, tukizungumza bei ya maharage. Kimya kile alikibeba kwa ajili yangu, akafa nacho.

Baada ya kumzika ndipo nilipomwandikia Specioza. Alijibu mwanawe wa kiume, kwa adabu kubwa. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Hadi mwisho, aliandika, alikuwa akimsubiri dereva.

Mama yangu alilipokelea jani jina la mtu yule, na kwa heshima ya mama yangu sitalitaja. Lakini mahali waliposhushwa hapakupokelewa jani. Kwa hiyo naandika, wajukuu wa mwalimu wasome.

Tokeni mjini kwa barabara inayopita mbele ya shule, mkilipa kanisa kisogo. Mtavuka daraja dogo la mbao, kama halijajengwa upya. Baada ya mwendo wa nusu saa kwa miguu, kushoto, kuna mahali palipochimbwa udongo wa matofali, na tanuri bovu. Msisimame kwenye tanuri. Ni nyuma yake, kwenye shimo la pili, lile refu. Wako kumi na mmoja. Mwalimu alishuka wa mwisho, kwa sababu alimsaidia mwenye kidonda.

Aliuliza tunakwenda wapi, akadanganywa. Dereva nilikuwa mimi.