Kiwanja Namba Saba

Dari la chumba cha ndani katika nyumba ya mama yangu mdogo, huko Pate, lilibebwa na boriti kumi na mbili za mkoko, na nne kati ya hizo zilikuwa zimeoza. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ndiyo pekee ambayo sikuikosea, ingawa niliifanya nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Nilikwenda kisiwani kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Wenyeji walikuwa wameunda jumuiya ya kuitunza mikoko yao: wachore mipaka wenyewe, walinde wenyewe, na hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo na tope lake ipimwe na kuuzwa kwa wanunuzi wa mbali, mapato yarudi kijijini kama umeme wa jua. Barazani mpango huo uliitwa kuuza upepo. Mzee mmoja, mkataji wa mikoko tangu ujana wake, aliniuliza iwapo wanunuzi wangekuja na magunia yao au tuwashonee. Hata hivyo alijiunga, na ndiye aliyenifundisha kutembea topeni bila kuviacha viatu humo.

Kazi yangu ilikuwa kuchagua viwanja vya kudumu vya kupimia. Kila mti uliomo kiwanjani ulizungushiwa utepe kwenye kimo cha kifua, ukaandikwa unene wake, ukatundikwa kibati chenye namba. Na kwa mujibu wa hati niliyoiandika mimi, jumuiya ikaitia saini, mti wenye kibati haukatwi.

Kiwanja namba saba nilikigundua peke yangu, mwisho wa mkono mwembamba wa bahari nyuma ya mashamba. Mikoko ya hapo ilisimama wima, imeachiana nafasi, haina matawi ya chini, na unene wake ulikaribiana mno. Niliandika katika daftari: msitu wa asili, haujaguswa. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko sentensi yoyote niliyowahi kuiandika. Msitu usioguswa hauko vile. Msitu usioguswa una vikongwe na vichanga vinavyosongana, una miti iliyopinda na iliyoanguka. Nilikuwa nimesoma hayo, na mtihani wake nilikuwa nimefaulu. Lakini kiwanja kile kilikuwa kizuri, nacho kiliupandisha wastani wangu, na mtu aliyepata anachokitafuta haulizi kimetoka wapi.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa mtu makini. Aliagiza kwamba kabla ya mipaka kupitishwa kila nyumba iulizwe iwapo ina haki yoyote katika miti iliyochaguliwa, pamoja na nyumba za wale wasioweza kufika mkutanoni. Mama mdogo alikuwa mmoja wao. Mume wake alikuwa amefariki wiki chache kabla, naye alikuwa ndani, anakaa eda. Nyumba za upande ule nilipewa mimi, kwa kuwa ningeweza kuingia kwa wanawake bila taabu. Niliingia zote, nikauliza, nikaandika majibu. Nyumba ya mama mdogo niliiwekea alama ya kuwa imeulizwa, kwa sababu nilikuwa nikiishi humo.

Yako mazungumzo ambayo ningeweza kuyaita kuuliza, na kwa muda nilijaribu. Mchana mmoja niliitandaza ramani mkekani huku yeye akichambua mchele. Aliitazama, kisha akaweka kidole mwisho wa ule mkono wa bahari.

“Na hapa?”

“Hapo ndipo pazuri kuliko pote, mama. Hapo hapaguswi.”

“Alhamdulillahi,” akasema, akarudi kwenye mchele wake. Nilidhani anaufurahia utafiti wangu.

Yapata mwaka mmoja baadaye paneli za kwanza zilifika. Madrasa ilipata taa, kisha zamu ikaja ya nyumba za wajane. Fundi wa sola alitoka Kililana, mtu wa maneno mengi. Alipokwisha kuligonga dari kutoka chini, na unga wa mchwa ukamwagikia mabegani mwake, alishuka ngazi taratibu.

“Mama, hapa hata paka simpandishi.”

“Paka hupanda kula siku,” mama mdogo akamjibu. “Usopanda ni wewe.”

Alicheka, fundi akacheka, nami nikacheka. Kisha nikapanda ngazi mimi, nikazihesabu boriti. Fundi alipoondoka na paneli yake, mama mdogo alinikalisha.

“Si neno, mwanangu. Boriti ziko. Zile ulizozitia namba, ndizo za dari hili.”

Nilimwomba aseme tena. Alinieleza polepole, kama mtu anayemsomesha mgeni. Dari la mawe na chokaa ni zito, na boriti zake humaliza umri wa mtu mmoja hivi. Kwa hiyo mkataji anapozipandisha boriti nyumbani kwake huanza papo hapo kulea za kuzirithi: huchagua kikundi cha mikoko mahali pasipopita watu, huondoa iliyopinda, hupunguza matawi, huenda kuitazama kila mwaka. Haitangazi, kwa kuchelea jicho. Mkewe hujua, na wakataji wenzake wakiiona hupita mbali bila kuisema. Ndivyo mzee aliyenishika mkono topeni alivyopita mbali, akidhani nina idhini ya wenye nyumba. Marehemu mume wake alikuwa ameilea ile tangu mwaka wa harusi yao.

“Walipokuya kusema imetiwa namba, nikasema imepata mlinzi,” alisema. “Nalidhani wewe wayua.”

Nililipeleka jambo hilo kwa jumuiya siku iliyofuata. Ningependa kulisisitiza hilo, lakini halina uzito, kwa kuwa wao walikuwa tayari na mimi sikuwa. Wangeweza kutafuta boriti katika eneo la ukataji lililoruhusiwa, lakini kibali chake kilikuwa na foleni, na masika yalikuwa yamekaribia. Mwenyekiti aliniambia mbele ya wote:

“Msitu ni wetu, twaweza kusema zikatwe kesho. Lakini karatasi umeiandika wewe, na humo mna ahadi yetu. Kiwanja hiki chaweza kuhamishwa, au hakiwezi?”

Kiliweza. Nilijua hivyo palepale. Ilihitaji barua moja kwa wakaguzi, kueleza kwamba mtafiti alikosea. Niliomba muda wa kufikiri. Mzee mkataji akasema mtaalamu aachwe afikiri, huenda boriti zikamea darini zenyewe. Watu walicheka, na kikao kikafungwa.

Wiki tatu niliandika barua hiyo. Katika nakala ya kwanza nilitumia neno kosa. Katika ya pili, tafsiri isiyo kamili. Katika ya tatu nilieleza historia ya ukataji katika visiwa vyote. Sikuwa nikisema uwongo. Nilikuwa nikitafuta sentensi ambamo dari lingenusurika na kiwanja changu kisionekane kuwa bustani ya mtu. Wakati huo mama mdogo alihamishia kitanda chake ukumbini, na kila mvua ilipopiga aliweka beseni.

Dari lilianguka alasiri, yeye akiwa uani anatia udhu na mimi nikiwa kwenye daka la mlangoni na nakala ya nne. Sauti haikuwa kubwa kama ninavyoikumbuka. Vumbi la chokaa lilitoka hadi mlangoni likasimama. Hakuumia. Ukuta wa ukumbi ulipasuka kwa urefu wake wote, mafundi wakasema nyumba haikaliki, na siku ya tatu alipanda boti kwenda Amu kwa binti yake, na sanduku moja la bati. Hakunilaumu. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa namna ambayo haitanipa nafuu.

Niliituma nakala ya kwanza. Jibu lilikuwa fupi: kiwanja kihamishwe, maelezo yaambatishwe. Mwenyekiti alikwenda Amu mwenyewe kumpa habari kwamba miti yake imerudi mikononi mwake. Aliporudi, alinipa jibu bila kuongeza neno lake: “Ameuliza, boriti za dari gani.”

Kwa kuwa hakuna aliyeikata miti ile, jumuiya iliamua kiwanja kibaki palepale. Mwaka huu nilirudi kupima, na mzee mkataji akanisindikiza. Wapo watu wanaoita mti kwa jina lake. Wakataji huuita kwa unene, kuanzia ulio mwembamba: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nilizungusha utepe kwenye mti wa kwanza. Mzee hakuusubiri; aliuzungushia viganja vyake viwili, vidole havikukutana.

“Huu umepita,” akasema. “Hii sasa ni nguzo.”

Niliandika unene wake. Kwenye safu ya maelezo bado panasomeka, kwa mwandiko wangu wa mwaka ule, haujaguswa. Mzee alikuwa amekwisha kugeuka, maji yalikuwa yakijaa, na miti kumi na mmoja ilikuwa imebaki.