Masafa ya Bibi

Harufu ya betri iliyopata joto la jua bado hunirudisha Nguvumali, nyumbani kwa bibi yangu, Bi Mize, Mpemba aliyeolewa Tanga akazeekea hapo. Miaka ile ya dhiki betri zilikuwa hazionekani madukani, basi zilizokwisha tulizianika juu ya bati pamoja na dagaa. Zikipata moto, redio ilisema kidogo. Kidogo hicho Bibi hakukichezea. Muziki tuliusahau, lakini matangazo ya vifo ya alasiri kutoka visiwani yalikuwa lazima.

Sauti ikianza kukwaruza, Bibi alisema masafa yamehama. Mimi, kitoto cha kike chenye masikio makubwa, niliyafikiria masafa kama kuku mwoga: yupo, ila ukimjia vibaya anakimbia. Kwa hiyo nilitembea kwa kunyata. Dawa yake nilikuwa mimi mwenyewe. Nilishika antena iliyovunjika, nikanyoosha mkono wa pili dirishani, na sauti ikarudi. Nilijivuna sana kwa kazi hiyo.

Mwaka mmoja dada yake Bibi, Bi Saumu, aliugua huko Wete, na kwa muda mrefu hakuna aliyetuletea habari. Bibi akawa hakosi matangazo hata siku moja. Alasiri moja mtangazaji akasoma jina la Bi Saumu. Mkono wangu ukalegea, mkwaruzo ukaingia.

"Usiachie, mwanangu," Bibi akasema. "Hajamaliza."

Nikashika tena, machozi yakinitiririka. Mtangazaji akataja mahali pa maziko, kisha jamaa wanaoarifiwa popote walipo. La mwisho lilikuwa jina la Mize binti Hamadi, Tanga. Bibi akazima redio ili betri zisiishe.

"Wamenitaja," akasema, akajifunika kanga usoni, akalia.

Sekondari, mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba masafa ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa kila sekunde, na kwamba kituo hubaki palepale. Redio iliyochoka ndiyo inayopotea. Nikamkumbuka kuku wangu, nikacheka peke yangu. Kisha kicheko kikanikauka. Miaka yote ile nilidhani Bibi anasikiliza nani amekufa. Kumbe alikuwa anasikiliza kama kwao bado wanajua kwamba yeye yupo.