Siku Niliyoambiwa Nimpekue Mama Mkwe

Mimi nina hasira za karibu, nasema mapema usije ukashangaa. Nilikuwa nyapara kwenye shamba moja nje ya Kitale, nikisimamia akina mama wa kuanika na kuchagua mahindi. Wengi walitoka Kipsongo. Mmoja alitoka Kamukuywa, na huyo ndiye aliyemzaa mke wangu.

Kwetu Bungoma mtu na mama mkwe wake hawashikani hata mkono. Akipita huku, wewe unapita kule. Kazini tuliishi hivyo hivyo: yeye turubai la mwisho la kuanikia, mimi mbali, na nikiwa na neno naye namtuma mama mwingine. Wenzake walinicheka sana. "Nyapara, mkweo huyo anakuja, kimbia!" Nami nakimbia kweli, na kazi inaenda. Punje iliyooza haikuwapita wale akina mama.

Halafu mzee mwenye shamba akamwachia mwanawe usukani. Huyu akaamua ati wanawake wanaiba mahindi kwenye leso walizojifunga, kila jioni wapekuliwe langoni. Askari, mwanamume mzima, akawa anawapapasa kiunoni huku huyo mdosi mpya anatazama.

Loo, kazi ililala! Hakuna aliyegoma. Nyimbo ndizo zilizokufa kwanza. Kisha mtu anaona punje yenye ukungu, anaiacha. Lori likarudishwa na wanunuzi, mdosi akaja juu: "Wavivu hawa!"

"Si uvivu, bosi," nikamwambia. "Ukimwita mtu mwizi kila jioni, asubuhi akulindie mali kwa nini?"

Akanitazama kama ng'ombe aliyeongea. "Kumbe unawatetea. Basi leo utawapekua wewe mwenyewe."

Mchana ule chakula kilinishinda. Nyumba tuliyokaa na watoto ilikuwa ya shamba. Nikikataa, tutalala wapi? Nikikubali, nitamtazamaje mke wangu?

Jioni mawingu meusi yakashuka kutoka Mlima Elgon. Akina mama wakainuka kufunika mahindi. "Mstari kwanza!" mdosi akafoka. "Msijifiche kwa mvua mkaiba." Wakajipanga langoni. Akanyoosha kidole: "Anza na huyo mama mzee."

Mama mkwe wangu alikuwa amenigeuzia mgongo, leso ameivuta hadi usoni. Nilitaka kumzaba mtu kofi.

"Bosi, huyo ni mama mkwe wangu."

"Hata angekuwa malaika. Pekua!"

"Siwezi."

"Basi funga virago, utoke kwa nyumba yangu."

Matone yakaanza kugonga. Mdosi akageuka, akaona mahindi wazi. "Funikeni! Haraka bana!" Hakuna aliyetoka kwenye mstari. Akanikodolea macho, maana alijua ningesema neno moja tu wangekimbia kuyafunika.

Mama mkwe akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kunifikia: "Mwambie mkwe wangu anyamaze. Na mvua nayo ipekuliwe kwanza."

Nikanyamaza. Mdosi alihangaika peke yake, akivuta turubai upande huu, upepo ukifunua ule. Sisi tulisimama palepale mpaka mahindi yakaelea.

Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa. Habari ya ile amri ilikuwa imenitangulia. Mke wangu alikuwa mlangoni, macho mekundu.

"Ulimshika mama?"

"Hapana."

Akaingia ndani, akaanza kukunja nguo za watoto, na zangu pia.