Amplifaya Niliyoisikiliza Kutoka Ng'ambo ya Barabara

Iko siku moja haijanitoka, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kunitoka. Nilikuwa nimesimama katika duka la vyombo vya muziki mjini Nachingwea, gitaa langu kavu, lisilo la umeme, begani, na mbele yangu zimepangwa amplifaya tatu. Muuzaji ananitazama mimi, mimi natazama sakafu. Nilitakiwa kuchagua moja, na kichwani hamkuwa na kitu ila ukungu.

Nikueleze kwa mpangilio, maana jambo hili likielezwa ovyo linachanganya zaidi. Nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya kigango chetu, Nandagala. Gitaa ndilo lililoanzisha nyimbo: napiga kidogo peke yangu, kisha watu wote wanaingia. Lakini walioingia vizuri ni wa viti vya mbele tu. Akina mama wa nyuma, ambao ndio wenye sauti hasa, hawakuzisikia nyuzi. Waliingia wamechelewa, na wimbo mmoja ukageuka nyimbo mbili zinazofukuzana. Vijana walinitania: "Dada Vero, pale mbele ulikuwa unapiga au unajikuna?" Kiongozi wetu, Mwalimu Bonifasi, hakutania. Alisema waziwazi kwamba hali ikiendelea hivyo gitaa litaingia kabatini, tubaki na ngoma na kayamba.

Ndipo kwaya ikaenda kuokota korosho. Msimu mzima, Jumapili baada ya ibada, tuliingia mashamba ya watu kwa ujira, tukanyofoa mabibo mpaka vidole vikanata. Kilichopatikana kilikuwa kidogo na kilikuwa cha wote. Mimi nikatumwa Nachingwea, kwa kuwa Ruangwa, mji wetu wa karibu, wakati ule madukani zilikuwapo redio tu. Nikichagua vibaya, hakuna cha kununulia kingine hadi msimu mwingine wa korosho, na gitaa ndilo hilo, kabatini.

Kabla sijaondoka kila mtu alinipa ushauri. Mwalimu Bonifasi alitaka kubwa, kwa sababu kigango cha Likunja kilikuwa na kubwa. Fundi redio wa kijijini akaniambia, "Wewe tazama wati, mengine porojo." Mwenzangu wa sauti ya pili akasema isiwe nzito, itabebwa kwa baiskeli. Wote walisema kweli, na hapo ndipo nilipopotelea. Uongo mtu unaweza kuutupa. Kweli tatu zinazovutana utazifanyaje?

Sikwenda peke yangu. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye neno, na mali ya watu haichukuliwi na binti safari ndefu bila mjomba. Mjomba wangu Issa alikuwa Mwislamu wa swala tano, fundi wa kuchonga na kuwamba ngoma, akiitwa katika kila jando la upande wetu. Alikaa barazani mwa duka na kikombe chake cha chai, akiniacha ndani nihangaike.

Muuzaji alibandika kinasa sauti, kile kidude kinachodaka sauti ya nyuzi, kwenye tundu la gitaa, akachomeka waya katika amplifaya ya kwanza. Ilikuwa kubwa kama mtungi wa maji. "Hii ni ya gitaa la umeme, dada, ila gitaa ni gitaa." Nikapiga. Iliunguruma mpaka kifua kikatetemeka, nikasema ndiyo hii. Akahamishia waya kwenye ya pili, spika ya maharusini yenye taa zinazobadilika rangi. Ilipaza sauti hiyo! Nikasema au ni hii. Ya tatu ilikuwa ndogo, imechubuka pembeni, iliyokwisha kutumika na mtu aliyehama mji. Ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa kavu: ilikuwa na tundu la kuchomekea gitaa, tundu la kipaza sauti, na mahali pa betri nyuma. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Nilipopiga nilisikia gitaa langu lilelile, basi. Nikarudi ya kwanza. Nikarudi ya pili. Kila nikirudi, ile niliyoiacha inaonekana bora.

Mjomba akachungulia mlangoni. "Vero, bado? Angekuwa mbuzi tungekwisha mchuna."

"Zote nzuri, mjomba."

"Haiwezekani. Wakati unapiga, umekaa wapi?"

"Hapa, kwenye kiti."

"Na siku ya ibada hapo atakaa nani?"

"Mimi."

"Basi unajinunulia wewe. Korosho uliokota peke yako?"

Yalinichoma maneno yale, mwanangu. Alinikumbusha jambo nililoliona tangu utotoni nyumbani kwake bila kulitia maanani. Mtu akija kununua ngoma, mjomba hakumruhusu aipige. Alimpa mwingine apige, na mnunuzi akatembea mpaka mwisho wa uwanja, akageuza mgongo, akasikiliza. Alikuwa akisema ngoma ya jando inaita watu walio mashambani, haimwimbii aliyeipakata.

"Mpe gitaa huyu bwana," akaniambia. "Wewe vuka barabara."

Muuzaji akacheka. "Mzee, mimi najua wimbo mmoja tu."

"Unatosha."

Nikavuka, nikasimama karibu na mama muuza ndizi, nimeligeuzia duka mgongo. Pikipiki zinapita, watu wanabishana bei. Ile kubwa ilipopigwa nilisikia mngurumo tu, kama lori lililosimama bila kuzimwa. Wimbo wenyewe sikuutambua. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Ile ya taa nilisikia kelele ya juu, kisha muuzaji alipoongeza sauti ikapiga yowe hata mama wa ndizi akaziba masikio. Ile ndogo haikuwa na nguvu hivyo. Lakini nilisikia uzi mmoja mmoja, kama ufuta unavyodondokea kwenye ungo.

Nikarudi mbio nikiamini fumbo limefumbuka. Mjomba akaniambia, "Mimi ningechukua ile yenye taa. Nzuri sana ile."

"Mjomba! Si wewe uliyesema nikasikilize kwa mbali?"

"Nilisema ukasikilize. Sikusema nitakuchagulia."

Ukungu ukarudi palepale. Nilisimama kitambo kingine, nikawaza akina mama wa viti vya nyuma, nikawaza kigango chetu kisicho na umeme. Nikaichukua ndogo. Kwa kuwa ilikuwa ya bei ya chini, ziada ilitosha kinasa sauti, waya mzuri na betri, vitu ambavyo hakuna mshauri hata mmoja aliyevitaja. Shoka bila mpini halichanji kuni.

Nandagala walikusanyika kuitazama. Mwalimu Bonifasi aliizunguka amplifaya, akaiinua kwa mkono mmoja, akaiweka chini. "Vero," akasema, "tulikutuma ng'ombe, umetuletea kuku." Siku zilizofuata sikujua kama nimefanya busara au ujinga. Nilikuwa nikiipiga uani, nataka kwenda kusikiliza kwa mbali, lakini nikiliacha gitaa hakuna wa kulipiga, nikarudi nikakaa chini nikajicheka.

Ikafika sikukuu ya somo wa kigango, mtakatifu wetu mlinzi. Kanisa limejaa hadi nje. Mjomba naye alikuja, akasimama mlangoni na wenzake waliosubiri pilau. Amplifaya niliiweka nyuma yangu, kama nilivyoona wapigaji wengine wakifanya. Nikaanza, na kelele za watoto zikanimeza. Nikaongeza sauti. Ikapiga yowe, ileile ya Nachingwea. Watoto wakaangua kicheko, na Mwalimu Bonifasi akainamisha kichwa.

Sauti ya spika ilikuwa inarudi ndani ya gitaa na kutoka tena; hilo nalijua leo, siku ile nilijua tu kwamba vitu hivi viwili havitaki kutazamana. Nikaibeba amplifaya, nikaipandisha juu ya benchi mbele yangu, uso wake kwa watu. Nikapunguza sauti badala ya kuongeza. Nikamwomba mpiga ngoma asubiri kidogo. Nikaanza upya.

Pale niliposimama sikulisikia gitaa langu vizuri. Nilisikia watu. Kanisa zima liliingia kwa pumzi moja, na akina mama wa nyuma walikuwa humohumo ndani yake, hawakufukuza mtu. Baada ya ibada Mwalimu Bonifasi hakunisifu. Aliibeba amplifaya mwenyewe mpaka kwenye baiskeli, akaifunga kamba, akayakagua mafundo.

Sasa ninyi vijana mnanitumia picha za amplifaya kwenye simu, mnaniuliza, "Mama, ipi?" Mwanangu, mpaka leo sijui wati ni nini hasa. Nijualo ni hili. Kama gitaa lako ni kavu, tafuta kinachokupa sauti yake, usitafute mngurumo. Na kama ni cha mitumba lakini ni kizima, usikionee haya. Kabla hujaigawa fedha uliyo nayo, tenga ya kinasa sauti, waya na betri. Mpe mwingine apige, wewe nenda ukasimame atakapokaa msikilizaji wako wa mwisho. Usisafirie nyota ya mwenzio. Likunja walikuwa na kanisa lao na umeme wao. Na ukichanganyikiwa dukani usidhani wewe ni mjinga, kwani kupotea njia ndiko kujua njia. Jiulize tu unamnunulia nani, kisha amua, hata kama ukungu haujaondoka wote. Mara nyingi hauondoki.

Mwenyezi Mungu akupe vidole visivyochoka na sikio la kuwahurumia walio mbali. Kazi ya mikono yako iwafikie waliokaa nyuma, na unapoanzisha wimbo usikose wa kuuitikia. Amina.