Nyumba Nilizoziandika Tupu

Nilipopewa simu ya kuweka nyumba zetu kwenye ramani ya afya, nilizunguka kijiji chetu cha Matiri nikijiona mtaalamu. Nilisimama kila mlangoni, nikabonyeza. Nyumba yenye watu ilipata nukta nyekundu. Iliyofungwa, nyeupe, yaani tupu.

Kitongoji cha shangazi kilikuwa kimefungwa chote. Nilijua wamehamia mashamba ya Litumbandyosi kulima mahindi, kama kila mwaka, na watarudi. Lakini simu haikuwa na mahali pa kusema hivyo, nami nilitaka kumaliza wa kwanza. Nikabonyeza nyeupe, nyumba kwa nyumba, huku nikipiga mluzi.

Ramani ilipotoka, kitongoji kile kiliondolewa kwenye ratiba ya kliniki ya mkoba, ile inayowafuata watu vitongojini. Nikamkimbilia msimamizi.

"Bosi, pale watu wapo. Wamerudi."

Akacheka. "Si wewe uliyesema hakuna? Ratiba imeshapitishwa, kijana."

Siku ambayo kliniki ingekuwa kwao, mjukuu wa shangazi aliwaka homa. Shangazi alimbeba mgongoni, akashuka bonde, akapanda mlima mpaka zahanati. Nesi alipomfungua kanga, mtoto alikuwa ameshakata roho.

Msibani nilisimama mlangoni kwake. "Shikamoo, shangazi."

Akaniangalia, macho makavu.

"Unamwamkia nani, baba? Nyumba hii si uliandika haina mtu?"

Wanawake waliokaa mkekani wakaguna. Hakuna aliyenisogezea kigoda. Nilibaki palepale nilipobonyeza nyeupe.